Crown ya cc 3,000 barabara za Kusini: mafuta yanaishia kwenye matuta

Gari yenyewe ni Toyota Crown Royal Saloon yenye injini ya 3GR-FSE: V6, cc 2,994, farasi 256, gia sita otomatiki, tenki la lita 71. Hapa Mtwara mjini, kwa mizunguko ya Shangani, Ligula na sokoni, AC ikinguruma muda wote, inanipa kilomita sita na nusu kwa lita. Kila ninayekutana naye sheli ananipa pole kama mfiwa. Fundi mmoja alishauri injini yote ing'olewe, iwekwe nyingine isiyo ya D4, yaani isiyopuliza petroli moja kwa moja kwenye chumba cha moto. Mwenzake akataka kukata kichujio cha bomba la moshi, eti gari ipumue. Wote hao walikuwa wakiongea na mjomba wangu aliyekaa kwenye benchi, wakati gari ni yangu na mafuta nanunua mimi.

Safari imekuja kwa sababu ya harusi. Binti wa dada anaolewa, na kwetu huku jambo kama hilo haliendi bila mjomba kupita kwa ndugu, akaketi, akakohoa, akasema. Simu haitoshi. Ndugu wako Lindi, Masasi na Newala. Nikasema nitamwendesha mwenyewe, kwa sharti kwamba njiani tutajaza tenki na kuandika kwenye daftari. Mjomba aliendesha malori ya korosho enzi zake, kwa hiyo daftari lilimfurahisha kuliko harusi.

IJUMAA: MTWARA HADI LINDI

Njia ya kupima ni ile ya kizamani, na bado hakuna iliyoishinda. Unajaza mpaka pampu ikate mara ya kwanza, unarudisha trip, kile kihesabu cha kilomita za safari, kwenye sifuri, unaendesha, unajaza tena mpaka ikate mara ya kwanza, unagawanya kilomita kwa lita. Ugumu uko kwa muuza mafuta. Pampu ilipokata, kijana akatazama kioo, akaona namba imekaa upande upande, akaminya tena taratibu ili ifike elfu kamili. "Namalizia tu, dada." Nikamwomba aache. Hiyo nusu lita ya kumalizia, kwenye safari fupi iliyokula lita kumi na mbili, inavuruga hesabu kwa asilimia nne.

Leo nilipanga kuendesha kama ninavyoendesha siku zote, na kama nusu ya watu wa barabara hii wanavyoendesha. Kuteremka Mikindani, bahari upande wa kulia, Boma la Wajerumani juu kidogo, kisha kupanda kutoka ghubani na kufungua mguu. Mia, mia na kumi pakiwa peupe. Halafu kijiji, kibao cha hamsini, askari chini ya mwembe na tochi yake, tuta, tuta jingine, rasta (vituta vidogo vya mfululizo), kisha mguu chini tena. V6 hii haina malalamiko. Ukiigusa inaruka, na hapo ndipo penye kishawishi, maana mwenye gari ya cc 1,300 hata akitaka ujinga huo hawezi.

Upande wa Hiyari tukaingia katikati ya malori ya saruji. Nikapita moja, nikapita la pili, nikapita la tatu, nikafunga breki kwa sababu ya tuta la Mpapura. Lori la kwanza likatufikia hapo hapo kwenye tuta. Mjomba alikuwa kimya tangu Mikindani. Akauliza, bila kugeuza shingo:

"Mwanangu, hizo breki unazinunua wapi? Maana naona ni za bure."

Baadaye akahamia kwenye bomba. Bomba la gesi kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, kilomita 542, lilizinduliwa 2015, na Mjomba hajalisahau wala hajasahau hasira za 2013, watu wa Mtwara walipolipinga. "Gesi inatoka Mnazi Bay, inapita hapa chini ya miguu yetu, inakwenda kuendesha teksi za Dar. Na wewe hapa unachoma petroli ya meli." Nikamwambia mtungi wa gesi ungekula buti lote, nasi tuna mabegi. Akasema mabegi yanaweza kupakatwa.

Lindi tukajaza: kilomita 109, lita 12.3. Ni kilomita 8.9 kwa lita. Skrini ya gari, ambayo menyu zake zote ni Kijapani isipokuwa tarakimu, ilidai 9.6. Hizi skrini zina tabia ya kumsifia mwenye gari, kwa hiyo kuanzia leo naitazama kwa kulinganisha tu: ikipanda najua nimefanya jambo zuri, lakini siandiki namba yake.

Jioni, baada ya mazungumzo ya ukoo kwisha salama, tulikaa ufukweni Lindi. Pweza wa kuchoma, pilipili, na yule muuza kahawa wa birika na vikombe vidogo. Hapo ndipo nilipopiga hesabu ya tuta kwenye simu. Gari, sisi wawili na mizigo ni kama kilo 1,800. Kuitoa kwenye kusimama hadi spidi ya 80 kunahitaji nishati ya kilojuli 440 hivi. Lita ya petroli ina takribani megajuli 32, lakini injini inapokazana hivyo chukulia robo tu inafika kwenye magurudumu, nyingine ni joto. Inakuja mililita 55. Nikainua kikombe cha kahawa, nikamwonyesha Mjomba: kila tuta unalofikia kwa breki kutoka 80, ukaanza upya, ni hiki kikombe kimejaa petroli, unakimwaga barabarani. Ukitoka 100 ni zaidi ya kikombe kimoja na nusu, kwa sababu nishati inakua kwa mraba wa spidi.

Mjomba alikitazama kikombe, akauliza tumepita matuta mangapi. Hakuna aliyehesabu. "Basi kesho tuhesabu," akasema, akaagiza kahawa nyingine.

JUMAMOSI: LINDI HADI MASASI

Leo sharti ni la Mjomba: spidi 80, haizidi, na breki ni ya dharura na ya askari.

Kwanza niseme kuhusu hiyo 80, kwa sababu watu hudhani ni woga. Upepo unaoizuia gari unakua kwa mraba wa spidi. Kutoka 80 kwenda 110 msukumo wa upepo unakaribia mara mbili, na Crown pamoja na urembo wake ni ukuta unaosukumwa hewani. Katika 80, ikiwa gia ya sita, mshale wa mizunguko uko kama 1,500 tu. Injini inalala. Cc 3,000 hapo hazina madhara makubwa kama watu wanavyosema. Zinapotesa ni mjini, kwenye foleni na taa, ambako injini kubwa ikisimama inaunguruma inakunywa lita moja au zaidi kwa saa bila kwenda popote, na safari fupi zinaisha kabla haijapata moto. Wajapani wenyewe, kipimo chao cha zamani cha 10-15, kilikuwa cha kilomita 4.16 ndani ya mashine, spidi ya wastani 22.7, ya juu 70. Ndiyo maana namba zao za kwenye karatasi haziwezi kufanana na barabara yenye matuta ya Mingoyo.

Ngongo, penye viwanja vya Nane Nane, tukapita tukisema tu habari za Nane Nane. Mnazi Mmoja tukakata kulia kuelekea Masasi. Kutoka hapo Mjomba akaanza kufundisha, na nikiri kwamba miaka ya lori si ya bure. Yeye hatazami tuta, anatazama dalili za tuta. Bodaboda zimejipanga chini ya mti mbele kule: kijiji, na kijiji kina tuta. Paa refu la bati lenye mlingoti wa bendera: shule, tuta kabla na tuta baada. Lori la mbele limewasha taa za breki kilomita moja mbele: usiongeze hata kidogo. "Achia," anasema. Naachia mguu mita kama mia nne kabla, gari inateleza yenyewe, tunafika kwenye tuta tukiwa na spidi ya baiskeli bila kugusa breki.

Nilipoachia, ule mstari wa kilomita kwa lita, wa papo kwa papo, kwenye skrini ukaruka hadi mwisho wa kipimo. Sababu ni kwamba gari za injekta, ukiachia mafuta ikiwa kwenye gia, kompyuta inafunga petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Mjomba alitaka niweke N, yaani gia huru, kama walivyofanya wao mteremkoni kuokoa dizeli. Hapo nikamkatalia kwa heshima zote. Ukiweka N injini lazima ilishwe ili isizime, kwa hiyo unatumia mafuta zaidi ya kuiacha kwenye D, tena unakosa breki ya injini. Hakuamini. Tukajaribu kwenye mteremko mmoja mrefu, nikiwa D: mstari umejaa hadi mwisho. Nikaweka N kidogo: mstari ukashuka. Akasema mashine za siku hizi zina roho mbaya, lakini hakurudia tena suala la N.

Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yalikuwa yakishuka kwenda bandarini Mtwara, meusi, yamefunikwa maturubai, moja baada ya jingine. Yanayorudi matupu yalikuwa mbele yetu. Kuna watu wanajificha nyuma ya lori ili liwakatie upepo. Ni kweli mafuta yanapungua. Ni kweli pia kwamba lori likikwepa shimo wewe unaliona shimo likiwa tayari chini ya bampa, na barabara hii mashimo yanayachimba malori hayo hayo. Tukabaki nyuma kwa mbali.

Kabla ya Nanganga tulisimama kununua ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili. Nikazima injini. Mjomba alilalamika kwamba kuwasha upya ndiko kunakokula mafuta. Hilo lilikuwa kweli kwa magari ya kabureta. Gari ya injekta ikiwa na moto, kuwasha ni sawa na sekunde chache za kuunguruma, kwa hiyo ukisimama zaidi ya dakika moja zima. Na kuchagua ming'oko na mjomba si jambo la dakika moja.

Ndanda tulipita bila kusimama, ingawa ni mahali pazuri pa kusimama, milima ya Makonde imekaa nyuma ya hospitali. Masasi tukaingia mchana, majabali yake yanatokeza kabla ya nyumba.

Kilomita 142, lita 12.4. Kilomita 11.5 kwa lita. Na leo tumepanda: Lindi iko usawa wa bahari, Masasi iko juu zaidi ya mita mia nne. Kuinua kilo 1,800 kimo hicho, kwa hesabu ile ile ya robo, ni kama lita moja ya petroli. Ukiitoa hiyo, lami hii imetupa zaidi ya 12. Injini ile ile, sensa zile zile, plagi zile zile.

Muda? Tulichelewa labda dakika ishirini na tano ukilinganisha na mwendo wangu wa jana. Nilitazamia zaidi. Malori niliyoyapita jana yalinifikia kwenye matuta. Magari yaliyonipita leo niliyakuta vijijini, mengine yamesimamishwa na askari, dereva ameshashuka na leseni mkononi. Faini ya 30,000, kwa lita ya shilingi 3,000 kwa hesabu rahisi, ni lita kumi.

JUMAPILI: MASASI HADI NEWALA

Asubuhi ilikuwa ya ibada na mashangazi. Mambo ya mahari yalichukua muda na hayahusiani na petroli.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa kijana wa pancha. Stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva inaeleza upepo unaotakiwa. Watu hawaisomi kwa sababu ya Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu. Tairi la nyuma kulia lilikuwa na 24, mengine 28. Gari linataka 33. Tairi laini linajikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko ni joto, na joto hilo umelilipia sheli. Nikalipa mia chache. Katika mambo yote ninayoyajua ya kupunguza mafuta, hakuna la bei rahisi kama hili, na hakuna fundi aliyelitaja.

Barabara ya kutoka Masasi kwenda Newala na Tandahimba hadi Mnivata, kilomita 160, ndiyo inayojengwa kwa lami. Vipande vingine vimekwisha, vingine ni vumbi na michepuko pembeni ya mitambo. Crown iko chini. Kwenye mchepuko naikanyaga kwa gia ya kwanza na ya pili, jiwe likigonga chini Mjomba anasema "pole" kwa gari, si kwangu. Hapa hakuna kuteleza wala kutazama mbali. Tope kavu, bonde, kilima, simama upishe greda. Mlima wa kupanda uwanda wa Makonde ndio uliomaliza mchezo: gia ya pili, mshale juu ya 3,000, jua kali. Stika ya ndani ya kifuniko cha tenki inataka petroli ya oktani kubwa, na ukiilisha ya chini yake kompyuta inachelewesha moto ili injini isigonge. Nguvu inapungua, nawe unaongeza mguu. Nikapunguza badala ya kuongeza. Nikazima AC, nikafungua vioo, kwa kuwa chini ya spidi ya 60 vioo wazi havina gharama ya maana.

Harufu ya salfa ikaingia ndani. Ni msimu wa kupulizia mikorosho, na njia nzima mashine zilikuwa zikinguruma mashambani, vumbi la njano likitanda juu ya matawi. Nikafunga vioo, nikawasha AC. Kuna hesabu zinazoshindwa na pua.

Newala jioni tulikwenda Shimo la Mungu, kwa sababu huwezi kufika Newala usiende. Bonde la Ruvuma liko chini kabisa na ng'ambo ni Msumbiji. Mjomba aliangalia dakika moja, akasema kwa lori lile angeteremka na kupanda kwa pipa moja.

JUMATATU: NEWALA HADI MTWARA

Ndugu wa Newala ni wakarimu. Gunia la mbaazi, gunia la karanga, ndoo ya unga wa muhogo, jogoo wawili. Buti likajaa, kiti cha nyuma kikajaa, gari ikakaa chini zaidi. Uzito kwenye lami iliyonyooka hauumi sana. Unauma kwenye kuanza na kupanda, na barabara ya Tandahimba ni kuanza na kupanda. Jogoo hawakupenda michepuko.

Nanyamba nilikuwa nimechoka kiasi cha kutamani lami, na ilipofika Mnivata ilikuwa kama kuvuliwa kiatu kinachobana. Kilomita hamsini za mwisho ni lami. Tukarudi kwenye 80 yetu, achia, teleza, Naliendele, mjini.

Masasi hadi Mtwara: kilomita 214, lita 23.6. Kilomita 9.1 kwa lita, ingawa kwa jumla tulikuwa tunateremka kwenda baharini. Kwa mwendo wangu wa Ijumaa nadhani ingekuwa saba. Kwa hiyo anayeniuliza Crown ya cc 3,000 inakula kiasi gani, nitamuuliza kwanza barabara ipi na mguu wa nani.

Kazi zilizobaki ni za gereji. Plagi nitabadilisha, zina umri. Kichujio cha hewa kimekula vumbi la michepuko yote na kinatoka wiki hii. Kwenye injini hizi za D4 petroli inaingia moja kwa moja chumba cha moto, haipiti kuosha vali za kuingiza hewa, kwa hiyo masizi hujijenga pale. Kuzisafisha ni kazi ya kufungua manifodi, na nitaifanya ikiwa tu injini itaanza kutetemeka ikisimama. Kichujio cha moshi kinabaki mahali pake.

Mjomba sasa anataka kwenda Dar es Salaam kununua vitambaa vya sare ya harusi. Amepiga hesabu mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: kilomita 560, lami yote. Kwa mwendo wangu wa Ijumaa ni lita 63, taa ya mafuta inawaka tukiwa kwenye foleni ya Mbagala. Kwa mwendo wake wa Jumamosi ni lita 49, tunafika na kubaki na za kuzungukia Kariakoo. Tofauti ni lita 14, shilingi 42,000.

"Hizo 42,000," akasema, "zinaingia kwenye mchango wako wa harusi. Nimeshakuandika."